Mchungaji Hunywa wa Mwisho

Mwenyezi Mungu amenipa mengi ya kushukuru, na mengine nimeyataja hadharani, msikitini na katika harusi za watoto wa watu. Lakini liko moja ambalo sijawahi kulitaja mbele ya wageni kwa sababu ya haya. Ni rangi ya mkojo wa mpwa wangu. Sasa umri umekwenda, haya imepungua, na waliokuwepo siku ile wanatangulia mmoja mmoja. Naona niandike.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, baada ya ile mvua kubwa iliyoupandisha mto Tana juu ya mashamba na kuikata barabara tukawa kama watu wa kisiwani. Mimi nilikuwa nafundisha dini katika shule ya msingi pale Garsen, na alasiri nasomesha watoto Kurani. Kwetu ni watu wa ng'ombe, Waorma, lakini mimi niliacha fimbo ningali mdogo nikashika vitabu. Dada yangu ndiye aliyebaki na ng'ombe. Aliolewa na mchungaji hodari, akajaaliwa mabinti, na mwisho kabisa mtoto mmoja wa kiume.

Kabla ya mvua ile kulikuwa na ukame. Shemeji yangu na mwanawe waliwahamisha ng'ombe kutoka nyika ya ndani kuja mtoni, wakiwaacha njiani mmoja mmoja, na waliofika walikuwa wachache. Kisha mvua ikaja, na pamoja nayo homa. Shemeji akafariki maji yakiwa bado yamesimama uwanjani. Tulimzika kwenye kichuguu kwa sababu hapo tu ndipo palipokuwa pakavu.

Alimwachia mwanawe ng'ombe wa kuhesabika kwa vidole, na desturi moja. Kwetu, mchungaji hanywi kabla ya ng'ombe wake. Asiyechunga anaweza kudhani ni majivuno, lakini ina maana yake. Kundi lenye kiu likifika mtoni hukimbia. Ndama wanakanyagwa, tope linameza miguu, na mamba naye yuko kazini. Mchungaji akiinama kunywa, jicho lake liko kwenye maji, haliko kwa ng'ombe. Kwa hiyo husimama, hupiga mluzi wa kuwatuliza, na mpaka wa mwisho ainue kichwa ndipo naye huchota kwa kiganja. Shemeji yangu alimfundisha mwanawe hivyo tangu akiwa wa kuchunga ndama, na kijana aliishika kuliko sura nilizomfundisha mimi.

Kijana huyo alikuwa anajua kukimbia. Sisemi kukimbia mbio za shuleni, za kutoka goli moja hadi jingine. Yeye alikimbia kama watu wengine wanavyotembea. Ungemtuma kijiji cha Idsowe asubuhi, ungemwona anarudi na bado unajiuliza kama ameondoka. Nilimuuliza siku moja huwa anafikiria nini anapokwenda masafa yale.

"Naona ng'ombe wako mbele yangu, mjomba," akasema. "Nawafuata tu."

Kila mwaka, katika jua la kaskazi, walimu wa michezo wa wilaya walikuwa wakifanya mbio ndefu. Zilianzia uwanja wa Garsen, zikavuka daraja, zikafuata barabara mpaka upande wa kijiji cha Wema, zikageuka na kurudi. Waliofanya vizuri walipelekwa Mombasa, na huko, ilisemwa, wakubwa wa majeshi huja kutazama miguu ya vijana. Mpwa wangu alizungumza habari hiyo kwa sauti ndogo kama mtu anayetaja mahari. Kazi ya sare ilikuwa ndiyo njia aliyoiona ya kurudisha kundi la baba yake.

Mara ya kwanza alikimbia kwa viatu vya tairi, na alikuwa anaongoza. Mimi nilikuwa nimesimama darajani pamoja na wanafunzi wangu. Tulimwona anarudi peke yake, wenzake vumbi tu nyuma. Nilianza kutabasamu, kisha nikaona mwendo wake. Alikuwa anakwenda upande, kama mbuzi aliyekula majani mabaya. Ngozi yake ilikuwa kavu. Katika jua lile, baada ya mbio zile, mtu yule hakuwa na tone la jasho. Alinitazama, akaniambia waziwazi, "Mjomba, wawahini wale wa kushoto, wanaingia shambani," akaanguka.

Hapakuwa na ng'ombe kushoto wala kulia.

Tulimmwagia maji, tukampakia kwenye pikapu ya mwuza samaki, tukampeleka kituo cha afya. Daktari wetu siku zile alikuwa mtu wa Kipini, mpole, mwenye Kiswahili cha pwani kinachokwenda polepole kama mtu anayekunja kitambaa. Alimtundikia dripu, akamfunika kwa kanga za maji, akamwambia mmoja wetu ampepee. Jioni kijana alipopata mkojo, daktari aliutia katika chupa akauinua mbele ya dirisha. Ulikuwa mweusi kama kahawa.

"Sheikh," akaniambia, "hii si kiu ya mtu aliyefunga. Mwenye kufunga hukaa kivulini, mwili wake ukajibania. Huyu amekimbia. Maji yote ya mwili yametoka kwa jasho, hata jasho nalo likaisha. Sasa damu ni nzito, moyo unasukuma kama mtu anayesukuma mkokoteni kwenye mchanga. Joto halina pa kutokea, linabaki ndani, linapanda mpaka kichwani. Ndiyo maana aliona visivyokuwepo."

"Na rangi hii?"

"Nyama za miguu zimechoka mpaka zimevunjika, na uchafu wake umeingia katika damu. Kazi ya kuusafisha ni ya figo. Na figo bila maji ni kama mwanamke uliyempa nguo za kufua ukamnyima ndoo." Akaiweka chupa chini. "Safari hii zitapona, inshallah. Akirudia, siwezi kukuahidi. Alikunywa nini njiani?"

Walimu walikuwa wameweka madumu ya maji kando ya barabara. Nilijua jibu kabla ya kumuuliza kijana, na dada yangu, aliyekuwa amekaa chini kando ya kitanda, alilijua kabla yangu.

"Hakunywa," dada akasema. "Ng'ombe walikuwa bado hawajafika majini."

Baada ya siku chache mkojo ulianza kukwajuka, ukawa kama chai ya rangi, kisha kama chai iliyoongezwa maji. Dada yangu aliuangalia kila mara kwa macho yake mwenyewe, hakuamini macho ya mtu mwingine. Ramadhani ikaingia. Daktari akakataza kijana asifunge mpaka figo zitulie, na mimi nikamweleza kwamba mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, atalipa siku zake akipona. Alikubali mara moja. Nikaona nimepata mlango.

"Unaona basi," nikamwambia. "Hata faradhi ina ruhusa, seuze desturi. Ukikimbia, unywe."

"Dini ina ruhusa, mjomba," akajibu kwa adabu. "Ng'ombe hawana."

Nikamwambia mwili ni amana, na kwamba tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akitazama vidole vyake vya miguu. Kisha akaniuliza kama si mimi niliyewafundisha darasani kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema anayewanywesha watu hunywa baada yao.

"Ni mimi," nikasema.

"Basi."

Nilikuwa nimefundisha miaka mingi nikiomba wanafunzi wangu wayashike niliyowafundisha. Huyu alikuwa ameyashika.

Dada yangu alikuja na shauri lake. Alisema mwanawe atakimbia tena mwaka ujao kwa sharti moja, anywe njiani. Asipokunywa, hakimbii, na asipotii, yeye mama atauza ng'ombe waliobaki ahamie kwa binti yake Hola, kijana atafute kundi lingine la kulifuata akilini. Kijana hakuweza kumbishia mama yake. Alijaribu. Wakati wa mazoezi nilimfuata kwa baiskeli, dumu limefungwa nyuma, kanzu nimeifunga kiunoni. Nilikuwa nampa kikombe, anakipokea, anakitia mdomoni, na maji yanatoka pembeni mwa midomo. Koo lilikuwa limefunga. Hakuwa anajifanya. Nimeona watoto wanaokataa dawa, na huyu hakuwa hivyo. Alikuwa anataka kumeza, na koo halikumruhusu.

Alipofika nyumbani ndipo alipokunywa, na hapo tena mama yake alikuwa amemngojea. Yule mama alikuwa na hofu ya kahawa ile. Alimjazia kibuyu kizima cha maji ya mtoni yaliyochemshwa, akasimama mbele yake mpaka kikaisha, akamjazia kingine. Siku moja, baada ya mazoezi marefu sana, kijana alikunywa hivyo, na badala ya kupata nguvu akaanza kushika kichwa. Vidole vikamvimba. Akatapika, akawa anajibu maswali kwa kuchelewa, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Tukarudi kwa daktari.

Daktari alimtazama, akauliza amekunywa kiasi gani, akaambiwa. Akashusha pumzi.

"Mmeikimbia mvua mkaingia mtoni," akasema. "Jasho si maji matupu. Lirambe, utaona lina chumvi. Chumvi imetoka, nanyi mmeingiza maji peke yake, tena mengi kwa mpigo. Damu imekuwa kama mchuzi uliozidi maji, na ubongo unavimba."

Dada yangu akasimama. "Kwa hiyo asipokunywa anakufa, akinywa anakufa?"

"Kiasi, mama. Kidogo kidogo, na chumvi yake, na sukari kidogo."

"Kiasi gani?"

Daktari alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa bahari, lakini alikaa Garsen vya kutosha. "Ng'ombe wako," akamwambia, "unampa maji tu?"

"Na chumvi," dada akasema. "Bila chumvi anakunywa na bado miguu inatetemeka. Anaramba hata ukuta."

"Anakunywa mpaka lini?"

"Mpaka atosheke. Hakuna mtu anayemshindilia ng'ombe maji."

"Basi," daktari akasema.

Akampa pakiti za chumvi na sukari, zile wanazopewa watoto wanaoharisha, na kumlaza mpaka kesho yake. Tulitoka pale dada na mimi. Njiani alisimama, na mimi nikasimama kwa sababu alikuwa mkubwa wangu.

"Kaka," akasema, "tumekuwa tukimfundisha kijana anywe. Kijana hana shida ya kunywa. Shida ni ng'ombe hawajanywa."

"Ng'ombe gani, dada? Barabarani hakuna ng'ombe."

"Basi awepo."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hapa lazima nimlete rafiki yangu wa Wema. Alikuwa Mpokomo, mkulima, mzee wa kanisa lao, na tulifahamiana tangu tukiwa vijana. Shamba lake la migomba na mahindi lilipakana na malka, yaani ile njia inayoachwa katikati ya mashamba ili ng'ombe wapite kwenda mtoni. Watu wengi wamegombana kwa sababu ya malka. Sisi wawili tulikuwa tukigombana kwa mdomo tu, na kwa furaha. Malka yake ilikutana na barabara karibu na pale wakimbiaji walipokuwa wakigeukia. Nikaenda kumwomba. Nilimweleza yote, nikamwambia tunataka ng'ombe mmoja asimame pale siku ya mbio, na karai la maji mbele yake, anywe kijana akiona.

Akaweka jembe chini. "Mwalimu, miaka yote mnalazimisha ng'ombe wenu waingie shambani kwangu. Leo unakuja kuomba?"

"Leo naomba."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Sasa nimeamini siku za mwisho zimekaribia," akasema, akamwita mkewe aje asikie mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema ng'ombe aletwe kwake jana yake, yeye atamshika kamba asubuhi, ili dada yangu asihangaike kumswaga gizani. "Na usiwaambie watu wa kanisa kwamba nimechunga," akasema. "Watadhani nimesilimu."

Dada alimchagua jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, wa mwisho wa uzao wa ng'ombe wa mumewe. Akamwachia mkulima maagizo: asimpe maji mpaka kijana atokee. Mkulima akasema ameelewa.

Siku ya mbio tulifika pale dada na mimi mapema, wanafunzi wangu nyuma yetu, kwa sababu habari ilikuwa imeshaenea. Jua lilikuwa lile lile la mwaka uliopita, ardhi nyeusi imepasuka kama kisigino. Karai lilikuwa tayari limejaa. Ng'ombe alikuwa amesimama chini ya kivuli cha migomba akicheua, macho nusu yamefumba. Dada alimwendea, akaweka kiganja ubavuni mwake, akageuka.

"Huyu amekunywa."

Mkulima alishika kofia yake. "Mama, alikuwa analia tangu alfajiri. Ananitazama hivi. Ningemwachaje? Nilimpeleka mtoni kidogo."

"Kidogo? Tumbo hili ni la kidogo?"

"Mimi nikiona kitu kimenyauka nakinywesha. Ndiyo kazi yangu."

"Ng'ombe si mgomba!" dada akasema. Kisha akaona ametoa sauti kubwa kwa mtu aliyekesha na ng'ombe wake, akavuta kanga usoni. "Mungu akulipe kwa huruma yako," akaongeza, na alimaanisha, lakini meno yalikuwa yamekazana.

Hatukuwa na wakati wa kutafuta mwingine. Watoto waliokuwa juu ya kichuguu walikuwa wameshaanza kupiga kelele kwamba wanakuja.

Alikuja wa tatu au wa nne, katika kundi la mbele, na nilipomwona nilishukuru kwanza kwa jasho. Uso wote ulikuwa unang'aa. Maji yalikuwa bado yamo mwilini, lakini yalikuwa yanaondoka, na nusu ya njia ilikuwa imebaki, ile nusu iliyomwangusha. Wenzake walichota vikombe kwenye meza ya walimu, wakajimwagia, wakageuka. Yeye alimwona ng'ombe wa baba yake kando ya karai. Akasimama.

Hatukuwa tumemwambia. Dada alisema ukimwambia, atakataa kwa aibu. Alitutazama mama yake na mimi na mkulima aliyeshika kamba kama ameshika nyoka, na niliona ameelewa jambo lote. Alisimama pale pale anaposimama mchungaji, pembeni kidogo, mikono nyuma, akangoja.

Ng'ombe akanusa karai. Akapuliza puani mpaka maji yakafanya mawimbi. Akainua kichwa akaendelea kucheua.

Watu wakaanza kucheka. Mkimbiaji mmoja akapita, kisha wengine wawili. "Mburuteni huyo ng'ombe mpaka Garsen!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye meza. Kijana hakugeuka. Akakusanya midomo apige ule mluzi wa majini, na hakukutoka kitu ila pumzi. Akalamba midomo, akajaribu tena. Mdomo uliokauka hautoi mluzi. Nikamwona anaushika mdomo wake kwa vidole, kwa mshangao, kama mtu aliyepapasa mfuko akaukuta umetoboka. Nadhani hapo ndipo yeye mwenyewe alipojua kiu yake ilifika wapi. Mkulima, kwa nia njema, akapiga mluzi wa kuwafukuza ndege shambani. Ng'ombe akatikisa masikio, akarudi nyuma.

Dada yangu alifungua pindo la kanga. Alikuwa ameifunga humo chumvi ya kutia katika maji ya mwanawe. Aliimwaga yote kiganjani, akaipeleka chini ya pua ya ng'ombe. Ulimi ukatoka, mrefu, ukaramba mara moja, ukaramba tena, ukazunguka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Halafu dada akanitazama mimi.

"Kaka, mluzi."

Nilikuwa nimevaa kanzu yangu nyeupe. Nyuma yangu walikuwa wanafunzi niliowaambia darasani, mara nyingi, kwamba kupiga miluzi si adabu. Na sikuwa nimepiga mluzi ule tangu niache fimbo. Nilikusanya midomo. Ulitoka wa kwanza umekwaruza, kisha wa pili ukanyooka, ule wa chini, mrefu, unaoshuka mwishoni. Sikuwa najua kama bado umo ndani yangu.

Ng'ombe akashusha kichwa akanywa.

Alikunywa kwa mafundo marefu, koo likipanda na kushuka, na kijana akamtazama mpaka alipoinua pua inayodondoka maji. Ndipo akamgeukia mama yake akanyoosha mkono. Dada alikuwa na dumu dogo lenye maji ya sukari, na chumvi ilikuwa imeliwa. Alikung'uta pindo la kanga juu ya kikombe, chembe zilizobaki katika nyuzi zikaangukia humo, akakoroga kwa kidole. Kijana akanywa. Fundo moja, akapumua. Fundo jingine. Hapakuwa na tone lililotoka pembeni mwa midomo. Mkulima alisahau ameshika ng'ombe, akaiacha kamba ili apige makofi, na ng'ombe akaingia katika mahindi yake, na hakuna aliyemfuata kwa muda.

Sisi tulipakiwa katika gari la mwalimu mmoja tukawahi daraja. Kijana alivuka akiwa anakwenda mbele, si upande. Miguu ilikuwa yake, macho yalikuwa yake. Aliwapita baadhi ya waliompita, na wengine hakuwapata kabisa. Uwanjani alifika akiwa hayumo katika waliochaguliwa kwenda Mombasa. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole. Mama yake akanitangulia. Hakumuuliza amekuwa wa ngapi. Alimshika mkono, akamwelekeza nyuma ya choo cha shule, akasimama anangoja, mbele ya watu wote wa Garsen.

Akarudi. "Kama nyasi kavu, mama," akasema.

"Kavu za lini?"

"Za sasa hivi. Za njano."

Mwaka uliofuata alikimbia bila ng'ombe. Sisi tulikuwa tumeshapanga kumpeleka yule yule, lakini alisema hapana haja. Mkulima aliniambia aliyoyaona pale kwenye geuko. Kijana alifika mezani pamoja na mkimbiaji mwingine wa kutoka Kilelengwani, akachukua vikombe viwili, akampa mwenzake kwanza, akangoja mpaka akameza, kisha akanywa chake. Yule mwenzake alimshangaa lakini alishukuru. Mwaka huo alikwenda Mombasa, na baadaye akavaa sare. Leo ana kundi, si kubwa, na ana watoto. Nikimtembelea, huwapa watoto maji, kisha mimi, kisha ndipo anywe yeye.

Nashukuru kwa yote hayo, ila nikikumbuka miaka ile, moyo wangu haurudi Mombasa wala kwenye sare. Unarudi uwanjani pale, baada ya lile jibu la nyasi kavu. Dada yangu alikaa chini kwenye vumbi. Midomo yake ilikuwa myeupe na imechanika. Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu alfajiri tulikuwa pamoja, na sikuwa nimemwona akitia tone mdomoni, si njiani, si kwa mkulima, si garini.

"Dada, hukunywa?"

"Nilikuwa nawangoja," akasema.

Katika lile dumu dogo maji yalikuwa yamebaki chini kabisa, ya uvuguvugu, na matamu. Mwanawe alimpokonya dumu mkononi, akamimina kikombe, akachuchumaa mbele yake akamshikia. Dada akanywa hadi mwisho.